Diski inayokaguliwa kila ukiwasha kompyuta: kutafuta chanzo, kuitibu na kubadili mfumo wake wa faili

Saa moja na nusu asubuhi simu yangu iliita. Alikuwa mama mmoja mwenye steshenari kule Tandika, mteja wangu wa siku nyingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine leo inahesabu tu. Imefika asilimia kumi na moja imeganda, na hapa dirishani nina watoto wa shule wanataka kuprinti."

"Usiizime kwanza."

"Mbona nimeshaizima mara mbili!"

Nilipanda daladala kwenda kwake. Niliyoyafanya siku ile, kwa mpangilio uleule, ndiyo nitakayoyaeleza hapa, pamoja na machache ambayo mashine yake haikuyahitaji lakini yako inaweza kuyahitaji. Naongelea Windows 10 na 11, ingawa amri nyingi hazijabadilika tangu enzi za Windows XP.

Kwa nini inakagua

Kila sehemu ya diski yenye herufi yake, iwe C: au D:, hubeba kialama kidogo ambacho mafundi tunakiita alama ya uchafu. Umeme ukikatika diski ikiwa katikati ya kuandika, au Windows ikikuta orodha ya faili haieleweki, alama hiyo inaweza kubaki imewashwa. Ukiwasha kompyuta, kabla hata hujaulizwa nywila, programu ndogo iitwayo autochk inapita kwenye sehemu zote. Yenye alama inakaguliwa, isiyo nayo inarukwa.

Ukaguzi ukitokea mara moja baada ya umeme kukatika, uache ufanye kazi yake. Ukijirudia kila asubuhi, basi kuna kitu kinaichafua diski upya, au alama yenyewe inashindwa kufutika. Watu wengi hukimbilia kuuzima ukaguzi. Ni sawa na kuchomoa taa ya mafuta kwenye dashibodi ya bajaji ili isikusumbue barabarani.

Hesabu ikiwa inaendelea sasa hivi

Skrini nyeusi inaandika "Scanning and repairing drive" na herufi ya diski, kisha asilimia. Asilimia hizo haziendi kwa mwendo mmoja. Inaweza kukaa kwenye 11 kwa saa nzima halafu ikaruka hadi 100 kwa dakika mbili. Tazama kitaa cha diski kwenye boksi la kompyuta: kikiwa kinapepesa, kazi inaendelea. Sogeza sikio pia. Diski ya sahani (ile yenye sahani zinazozunguka ndani) ikikoroma taratibu ni nzima au inajitahidi. Ikigonga tik-tik-tik kwa mpigo ule ule na kunyamaza, inakufa, na hapo tu ndipo ningekuruhusu kuizima kwa kubonyeza kitufe.

Kama haigongi, iache usiku kucha. Kabla ya hapo angalia uniti za LUKU zilizobaki, na kama ni laptopu iache kwenye chaji. Kukatikiwa umeme diski ikiwa inarekebishwa ni kubaya kuliko kosa lililoanzisha ukaguzi.

Ukiwahi mwanzoni, kuna sekunde chache ambazo skrini inakuambia ubonyeze kitufe chochote kuruka ukaguzi. Huo mlango niliutumia Tandika. Sikutaka diski ianze kurekebishwa wakati sijatoa faili za mama.

Nakala kwanza

Ukaguzi unaorekebisha huandika kwenye diski. Ikiwa sahani imechakaa, kule kuisoma mfululizo kwa saa kadhaa kunaweza kuimaliza. Halafu chkdsk, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, haijali barua zako: kazi yake ni kuhakikisha orodha ya faili inaeleweka, na kipande isichojua ni cha faili gani hukitupa kwenye folda fiche iitwayo FOUND.000 kikiwa na jina kama FILE0000.CHK. Nimeona mtihani wa muhula mzima wa shule ukigeuka vijifaili 200 vya namna hiyo.

Kwa hiyo chomeka diski ya nje yenye nafasi, fungua dirisha la amri kama msimamizi (andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kuendesha kama msimamizi) na uandike:

robocopy D:\ F:\nakala /e /r:1 /w:1 /xd "System Volume Information" "$RECYCLE.BIN"

D: ndiyo diski mgonjwa, F: ndiyo ya nje. Vipande vya /r:1 na /w:1 ni muhimu kuliko vinavyoonekana. Bila hivyo, robocopy ikikwama kwenye faili moja bovu itajaribu tena mara milioni moja, ikipumzika nusu dakika kila mara. Utazeeka hapo. Ikimaliza inaleta jedwali lenye safu ya zilizoshindwa. Ikisoma sifuri, umepona.

Jambo moja litakalokushtua: ukinakili kutoka kwenye mzizi wa diski (D:\ yenyewe, si folda ya ndani) namna hii, folda ya nakala inaweza kutoweka machoni. Imerithi ufiche wa mzizi, na faili zimo salama. Irudishe hivi:

attrib -s -h F:\nakala

Ni diski ipi, na inasemaje

Rudi kwenye ujumbe wa skrini na uangalie herufi. Kwa mama wa Tandika ilikuwa D:, na hilo peke yake lilinipa moyo, maana Windows ilikuwa C: na yenyewe haikulalamika. Thibitisha kwa:

fsutil dirty query D:

Jibu ni fupi, chafu au si chafu. Uliza sehemu zako zote, moja baada ya nyingine. Kisha uliza mfumo wa faili, yaani utaratibu ambao diski hutumia kupanga na kuorodhesha faili:

fsutil fsinfo volumeinfo D:

Hapa ndipo nilipocheka peke yangu. D: ya mama ilikuwa FAT32, mfumo wa zamani. Kumbe ile diski ilikuwa ya nje zamani. Kijana aliyemsaidia aliifungua kasha lake, akaichomeka ndani ya kompyuta, na mfumo akauacha vilevile. Tutarudi hapo.

Wakati mwingine ujumbe hauna herufi, bali mlolongo mrefu unaoanza na \\?\Volume na tarakimu ndani ya mabano ya mawimbi. Hiyo ni sehemu fiche, mara nyingi ile ndogo ya kuwashia kompyuta. Ipe herufi ya muda, ikague, kisha uinyang'anye:

mountvol S: /s
chkdsk S: /f
mountvol S: /d

Sehemu hiyo huwa FAT32, na lazima ibaki FAT32. Usije ukaibadilisha hata siku moja, kompyuta haitawaka.

Ripoti za ukaguzi uliopita zimehifadhiwa. Andika eventvwr.msc, fungua kumbukumbu za Windows upande wa programu, na utafute tukio namba 1001 kutoka chanzo kinachoitwa Wininit. Humo kuna maneno yote yaliyopita kwenye skrini usiku ukiwa umelala. Mstari wa kuusaka ni ule wa kilobaiti zilizo kwenye sekta mbovu, yaani vipande vidogo vya diski visivyosomeka tena. Ukisoma 0, shaka yako ielekeze kwenye umeme, waya au mfumo. Ukisoma namba, na wiki ijayo namba hiyo imepanda, anza kutafuta diski nyingine.

Afya ya diski yenyewe

Kila diski ina daftari lake la ndani la afya. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inalifungua: buluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Mimi siishii kwenye rangi. Naangalia mistari minne kwa namba zake za kodi.

05 ni sekta zilizokwisha kufa na kubadilishwa na za akiba. C5 ni sekta zinazosubiri hukumu, yaani diski ilishindwa kuzisoma na bado haijaamua. C6 ni zile zilizoshindikana kabisa. C7 ni tofauti na wenzake: huhesabu makosa yaliyotokea njiani, data ikisafiri kati ya diski na ubao mkuu wa kompyuta. Programu hii huonyesha namba kwa mtindo wa heksadesimali, kwa hiyo ukiona 10 pale mwishoni ujue ni 16.

Kwa mama, 05, C5 na C6 zote zilikuwa sifuri. C7 ilikuwa imepanda. Nikafungua boksi. Vumbi la karatasi za fotokopi lilikuwa limelala kama unga wa sembe, na waya mwekundu wa data umekaa upande, ile klipu yake ndogo ya chuma imevunjika. Kila printa ya chini yake ikianza kutetemeka, waya nao unacheza. Nilibadilisha waya kwa mwingine wa bei ya sahani ya wali maharage. Namba ya C7 hairudi nyuma hata ukitengeneza tatizo, hivyo niliiandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya boksi. Wiki iliyofuata ilikuwa ileile.

C5 ikiwa na namba na inapanda, acha kila kitu kingine. Toa faili, nunua diski. Hakuna amri inayofufua sahani.

Flashi na diski za nje zina ugonjwa wa ziada: ujazo wa uongo. Flashi iliyoandikwa terabaiti 1 na kuuzwa kwa bei ya soda mbili tatu huwa na gigabaiti chache tu ndani, na kichwa chake kimedanganywa kusema ni terabaiti. Ukipita ujazo wa kweli, faili zinaandikwa hewani, Windows inaona vurugu, ukaguzi unaanza, hauishi. Programu ya H2testw huijaza flashi yote na kuisoma tena, itakuambia ukweli. Ifanyie kabla hujaweka kitu.

Kutibu

Anza na dawa nyepesi. Kwenye NTFS, mfumo wa kawaida wa diski za ndani za Windows:

chkdsk C: /scan

Hii inakagua huku ukiendelea na kazi zako. Ikikuta makosa, inayaandika pembeni, na utayarekebisha kwa:

chkdsk C: /spotfix

Kwa C: itakuomba kuwasha upya, na kwa kawaida huchukua sekunde, maana inakwenda moja kwa moja kwenye makosa yaliyoorodheshwa. Kwenye FAT32 na exFAT, mifumo mingine miwili nitakayoieleza mbele, njia hii haipo. Huko unatumia:

chkdsk D: /f

Ikisema diski inatumika na kukuuliza kama ung'oe kwa nguvu (yaani kuitenganisha na programu zinazoitumia, si kuchomoa waya), funga programu zote kwanza, kisha ukubali. Kwa NTFS, /f hupita hatua tatu: muundo wa orodha, majina na folda zake, kisha ruhusa. Ukiweka /r badala yake, zinaongezeka hatua mbili za kusoma kila sekta, yenye faili na isiyo nayo. Piga hesabu kabla ya kubonyeza: diski ya terabaiti 1 inayosomeka megabaiti 100 kwa sekunde inahitaji karibu saa 3 ikiwa nzima kabisa. Ikiwa na sekta mbovu, zidisha. Mafundi wengi huanza na /r kwa mazoea, wakati mwingi haihitajiki. Na kwa SSD, diski isiyo na sahani, haina maana kubwa, kwa sababu SSD hujigawia sehemu mbovu yenyewe ndani kwa ndani.

Baada ya C: kurekebishwa, faili za Windows zenyewe zinaweza kuwa zimeumia. Endesha hizi mbili kwa mpangilio huu, intaneti ikiwa imewashwa:

dism /online /cleanup-image /restorehealth
sfc /scannow

Amri ya kwanza husimama kwenye asilimia 62 au karibu na hapo mpaka udhani imekufa. Ivumilie.

Ukaguzi usioisha kujirudia

Umetengeneza, umewasha upya, bado inakagua. Uliza tena kwa fsutil dirty query. Ikisema si chafu, basi kuna mtu au programu iliyopanga ukaguzi wa kila siku. Tazama kwa chkntfs C: kama umepangwa kwa mkono, kisha rudisha mipangilio ya asili:

chkntfs /d

Ikigoma, fungua regedit, programu ya kuhariri mipangilio ya ndani ya Windows, na ufuate njia hii: HKEY_LOCAL_MACHINE, SYSTEM, CurrentControlSet, Control, Session Manager. Thamani ya BootExecute inapaswa kuwa na mstari mmoja, autocheck autochk * na basi. Ukikuta mistari ya ziada au vipande kama /r au /p kabla ya nyota, virudishe kwenye mstari huo wa asili. Nakili ulichokikuta kwenye karatasi kwanza, regedit haina huruma.

Ikisema bado ni chafu hata baada ya chkdsk /f, ikague kompyuta ikiwa nje ya Windows. Shikilia Shift huku ukibonyeza Restart, nenda Troubleshoot, Advanced options, Command Prompt. Mambo mawili yanawapiga watu hapa. La kwanza, herufi hubadilika: C: yako inaweza kuitwa D: au E: huko. Andika diskpart, kisha list volume, uitambue kwa ujazo na jina, halafu exit. La pili ni BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data ya diski. Laptopu nyingi mpya zimefungwa kwa siri bila mwenyewe kujua, na mazingira hayo ya ukarabati yatakudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Kabla hujagusa Shift, uliza:

manage-bde -status

Ikionyesha ulinzi umewashwa, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, tafuta ufunguo, uandike. Nimeletewa laptopu tatu mwaka huu ambazo diski zake zilikuwa nzima kabisa ila ufunguo ulikuwa kwenye barua pepe ya kazi aliyokwisha kuiacha mtu.

Njia hiyohiyo ndiyo ya kompyuta isiyofika kabisa kwenye Windows. Ikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, kwa kawaida hufungua yenyewe mazingira ya ukarabati.

Je, kuna siku ya kuuzima ukaguzi? Ipo. Kama unasubiri diski mpya ifike kutoka mjini na hutaki ile mgonjwa isumbuliwe, andika:

chkntfs /x D:

Inazima ukaguzi wa D: peke yake, na alama ya uchafu inabaki palepale. Ukitaka kuzima D: na E:, ziandike pamoja kwenye mstari mmoja, kwa sababu amri ya pili hufuta ya kwanza.

Mwisho wa sehemu hii, angalia jinsi unavyozima. Windows ya siku hizi inapozimwa hulala nusu tu ili iwake haraka. Kama unatumia diski hiyohiyo na Linux, au unaichomoa na kuipeleka kwenye mashine nyingine, usingizi huo wa nusu huiacha ikidhani bado inatumika. Zima kikamilifu kwa:

shutdown /s /t 0

Au powercfg /h off kuondoa tabia hiyo kabisa.

Kubadili mfumo wa faili

Narudi kwa mama na D: yake ya FAT32. FAT32 ilikuja mwaka 1996 na Windows 95, na haina shajara. NTFS, iliyotoka na Windows NT mwaka 1993, huandika kwanza kwenye shajara kile inachotaka kubadilisha, ndipo inabadilisha. Umeme ukikatika, inasoma shajara na kurudi palipo salama, mara nyingi kwa sekunde. FAT32 haina pa kurejea. Ikikatwa katikati inabaki na alama ya uchafu na ukaguzi wa diski nzima. Kwa steshenari ambayo umeme unaweza kukatika mara mbili kwa siku na haina hata UPS (betri ya akiba), diski ya ndani ya FAT32 ni kujitafutia. Na ndiyo iliyokuwa ikimkatalia kuhifadhi bakapu yake ya picha za paspoti: faili moja kwenye FAT32 haiwezi kufika gigabaiti 4.

exFAT iko katikati. Ilizaliwa 2006, inabeba faili kubwa, inasomeka na kuandikika kwenye Windows na Mac, na Linux za karibuni. Lakini nayo haina shajara, na kwa kawaida hubeba jedwali moja tu la faili wakati FAT32 hubeba mawili. Pia vyumba vyake ni vipana: kwenye diski inayozidi gigabaiti 32, Windows huipa vyumba vya kilobaiti 128, na kila faili hukaa angalau kwenye chumba kimoja. Vijifaili 10,000 vya kilobaiti 5, ambavyo kwa haki ni megabaiti 50, vitakula zaidi ya gigabaiti 1.

Kwa hiyo mimi hugawa hivi. Diski inayokaa ndani ya kompyuta ya Windows: NTFS, bila mjadala. Diski ya nje ya mpiga video za harusi anayetembea kati ya Windows na Mac: exFAT, maana Mac husoma NTFS lakini haiandiki bila programu ya ziada. Flashi ya nyimbo ya kuchomeka kwenye sabufa, redio ya gari au deki ya zamani: FAT32, kwa sababu vifaa hivyo vingi haviijui nyingine. Ndiyo maana yule aliyekuwekea singeli kwenye flashi ya exFAT unamlaumu bure sabufa ikinyamaza.

Kutoka FAT32 kwenda NTFS kuna amri inayobadilisha bila kufuta faili. Nakala unayo tayari (kama huna, rudi juu, sitanii). Kwanza safisha diski, amri hukataa diski chafu:

chkdsk D: /f

Kisha soma jina lake:

vol D:

Liandike kama lilivyo, utaulizwa. Halafu:

convert D: /fs:ntfs

Itauliza jina la diski. Kama haina jina, bonyeza Enter tu. Itapima kama kuna nafasi ya kutosha kujenga orodha mpya. Diski iliyojaa pomoni itakataliwa, na dawa ni kuhamisha baadhi ya faili. Ikisema diski inatumika, inakupa chaguo la kuing'oa kwa nguvu au kupanga kazi ifanyike ukiwasha upya. Chagua kupanga. Kwa mama, diski ya gigabaiti 500 iliyokuwa na faili nusu ilimaliza kabla sijamaliza chai ya rangi aliyoniagizia.

Njia hii haina kurudi nyuma. NTFS haibadiliki kuwa FAT32 kwa amri yoyote ya Windows. Na diski iliyobadilishwa hivi inaweza kuwa na mwendo mzito kidogo kuliko iliyoformatiwa NTFS tangu mwanzo, kwa sababu orodha ya faili imejengwa kwenye nafasi zilizosalia huku na huku. Kama nakala yako imekamilika na una muda, kuformati na kurudisha faili ni bora zaidi. Mimi nilitumia convert kwa sababu dirishani palikuwa na foleni.

convert haiifanyii kazi exFAT. Itakujibu wazi kwamba haipo kwa mfumo huo. Ikisema RAW, maana yake Windows haiutambui mfumo wowote pale, na hata chkdsk itakataa. Hapo faili ziko hatarini, usikubali kile kisanduku kinachokuomba uformati. Badilisha waya, jaribu kompyuta nyingine, na ikishindikana mpe fundi wa kuokoa data.

Kwa njia zote nyingine, exFAT kwenda NTFS au NTFS kwenda chochote, utaratibu ni kunakili, kuformati, kurudisha:

format F: /fs:exfat /q /v:MZIGO

Angalia herufi mara tatu kabla ya Enter. Chomoa flashi na diski nyingine zote za nje ili kosa la kidole lisipate pa kutua. Kipande cha /q huformati haraka. Kiondoe kama unataka kila sekta ipimwe, na ujipange kwa saa kadhaa. Kwa FAT32, kisanduku cha kawaida cha kuformati kimekuwa kikigoma kupita gigabaiti 32 kwa miaka mingi. Programu za bure kama Rufus hupita hapo.

Rufus hiyohiyo huokoa na shida nyingine ya flashi za kusakinishia Windows. Ndani yake kuna faili iitwayo install.wim ambayo siku hizi huzidi gigabaiti 4, haiingii kwenye FAT32, na kompyuta nyingi huwaka kutoka FAT32 tu. Rufus hutengeneza flashi ya NTFS yenye kidaraja kidogo cha kuwashia.

Msichanganye mfumo wa faili na mtindo wa kugawa diski. Fundi akikuambia ubadili MBR kuwa GPT ili Windows 11 ikubali, anaongelea ramani ya diski nzima, na amri yake ni mbr2gpt. convert haihusiki.

Ukimaliza, hakiki

Washa upya mara mbili. Endesha fsutil dirty query kwa kila herufi, kisha fsutil fsinfo volumeinfo kuona jina jipya la mfumo. Fungua faili kumi za aina tofauti, ikiwemo ile kubwa kuliko zote. Usiifute nakala ya kwenye diski ya nje kwa wiki mbili.

Mama alinipigia siku ya tatu. Nilidhani imerudi kuhesabu. Kumbe umeme ulikatika katikati ya kuprinti, ukarudi, mashine ikawaka moja kwa moja, na yeye alitaka kujua kama ni sawa iwe imeruka zile asilimia.